Mukendi, kabla hujanunua pikipiki kule Kolwezi

Mukendi mwanangu,

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mama yako yuko nyuma ya nyumba anakukaangia karanga za njiani. Nimepata nafasi ya kukaa peke yangu na kalamu, jambo ambalo halinitokei mara nyingi, kwa sababu mikono yangu imezoea magunia kuliko karatasi. Niliacha shule darasa la tano. Ukikuta neno limekaa vibaya, lisome kama vile ningelitamka, utalielewa.

Habari za chakula, za kufunga mzigo, za kutolala karibu na mlango wa behewa, mama yako amekwisha kukuambia, na kesho atakuambia tena mpaka treni iondoke. Mimi siingii huko. Nataka kukuandikia juu ya pikipiki unayokwenda kununua. Nakuandikia kwa sababu kwa mdomo siwezi. Umekulia ndani ya nyumba hii, na nadhani umeona kwamba mama yako akisikia neno moto, kama tunavyoita pikipiki sisi watu wa kule, anainuka na kwenda kujitafutia kazi. Umekuwa ukidhani anaogopa ajali. Si ajali.

Mimi nilizaliwa Kolwezi. Babu yako aliletwa kule kutoka huku Kasai akiwa kijana, akachimba shaba ya kampani mpaka mapafu yakaisha, akazikwa kulekule. Huku Mwene-Ditu nilikuja mara ya kwanza siku nilipofukuzwa. Hapa wanatuita Wakatanga na kukicheka Kiluba chetu. Kule walituita bilulu, yaani wadudu, wakatuambia turudi kwetu. Nimebeba magunia kwenye kituo hiki cha treni mpaka mgongo umepinda, na bado sijajua kwetu ni wapi. Wewe umeamua kwamba ni kule, kwa sababu kule kuna kazi ya kupeleka chumvi na nguo Kasaji na kurudi na asali na unga wa muhogo, na njia ile haipitiki ila kwa pikipiki ya matairi yenye meno. Sikukatazi. Pesa ni yako, umeipata kwa kusukuma baiskeli ya mahindi kwenye vilima ambavyo mimi nisingevipanda.

Lakini Jumapili ulinionyesha ile picha aliyokutumia binamu yako. Pikipiki ndefu, tangi kubwa, taa mbili, imesimama kama farasi wa kwenye kalenda. Nikakurudishia picha haraka, nawe ukadhani sikupendezwa. Nilipendezwa mno. Nilikuwa na moja kama hiyo.

Wewe ulikuwa mdogo, labda unaikumbuka kidogo. Nilikuwa kibarua kwenye gereji ya kampani. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa na kujaza upepo matairi. Kulikuwa na mzungu mmoja, injinia, aliyekuwa na pikipiki nyeupe ya kwendea porini mwisho wa juma. Kila Jumatatu aliniletea imejaa tope, nami niliiosha mpaka kwenye spoku. Niliifahamu pikipiki ile kuliko nilivyofahamu miguu yangu, ila niliifahamu kwa nje tu, kama mtu anayefua mashati ya tajiri na kudhani anajua mfuko wake.

Kisha mambo yakaharibika. Mgodi ulibomoka, mishahara ikawa hadithi, askari wakapora maduka, na wazungu wakapanda ndege na mabegi mawili mawili. Injinia aliuza kila kitu mbele ya nyumba yake, mpaka mapazia. Bei aliyotaja kwa ile pikipiki ilikuwa ndogo kwa mtu kama yeye. Kwangu ilikuwa akiba yote pamoja na cherehani ya mama yako.

Wakati huo redio ilikuwa imeanza kusema maneno mabaya juu yetu watu wa Kasai. Wenzetu wa mji wa Likasi walikuwa wamekwisha kufukuzwa, wanalala kituoni wakisubiri treni. Mimi nikawaza kwamba wengine watasubiri treni kama ng'ombe, sisi tutaondoka kwa njia yetu, kichwa juu. Ndivyo nilivyomwambia mama yako. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua macho.

"Inabeba batu ngapi?"

"Wawili. Tukijibana, wanne."

"Na godoro?"

"Godoro tutaliacha."

"Na masufuria? Na mashine yangu?"

"Mashine ndiyo tunayouza, mama."

Hapo ndipo aliponitazama. "Basi, baba Mukendi, sema tu unaoa. Nitajua namna ya kumupokea bibi mudogo."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha.

Jirani yetu Tata Chinyama, yaani mzee Chinyama, Mlunda mwenyeji wa kule, fundi wa dizeli wa gereji yetu, alikuja kuitazama nilipoifikisha nyumbani. Aliizunguka polepole, mikono nyuma, kama anayeangalia maiti ya mtu asiyemfahamu. Kisha akainama upande wa kulia wa injini na kupapasa.

"Kazadi, kiki iko wapi?"

Kiki, unajua, ni kile chuma cha kukanyaga ili injini iwake. Ile haikuwa nacho. Iliwaka kwa kubonyeza kidude tu, kama taa ya nyumbani.

"Haina. Ni ya kisasa," nikamwambia.

"Na siku batri itakufa, utaiwasha na nini? Na maombi?"

"Batri ni mpya."

"Mupya ya lini? Weye ulikuwa pale siku ilitoka mu duka?"

"Tata Chinyama, sema tu unaitamani."

"Naitamani, ndiyo. Natamani na bibi ya direkta. Hapana kila kitu mutu anatamani anapeleka ku nyumba."

Watu wa barabara yetu walicheka sana, nami nilicheka nao, na nikamwona mwenye wivu. Mukendi, sikiliza hapa. Mtu aliyekuwa akinipa ukweli bure, mbele ya nyumba yangu mwenyewe, nilimwona mwenye wivu kwa sababu yeye alikuwa wa kule na mimi wa huku. Redio ilikuwa imekwisha kuingia na kwangu pia.

Ukifika kwa muuzaji, usimsalimie kwanza. Weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, ujue ameiwasha alfajiri ili usijue inavyosumbua ikiwa baridi, na mtu aliyeficha hilo ameficha na mengine. Mwambie utarudi kesho, na usirudi kesho, rudi siku asiyokutarajia. Ikiwaka, simama nyuma yake uone moshi. Wa buluu maana yake inakunywa oili, na oili njia ya Kasaji hutaipata. Chungulia chini ya usukani, pale shingo inapoungana na mwili. Ukikuta rangi mpya mahali pale tu, chini yake kuna ufa uliochomelewa. Gonga spoku kwa spana moja moja, iliyolegea inalia kama kijiko kwenye kikombe kilichopasuka. Meno ya gia ya nyuma yakiwa yamepinda kama kucha za mwewe, mnyororo nao umekwisha, hata kama ameupaka grisi ung'ae. Uliza ukubwa wa matairi, kisha nenda sokoni ulizia matairi hayo kabla hujauliza bei ya pikipiki. Langu la mbele halikupatikana Kolwezi nzima. Nilitembelea lenye upara.

Na kiki iwepo. Juu ya hilo sina mazungumzo na wewe.

Jambo jingine ambalo hakuna fundi atakayekuambia. Unajua sisi watu wa cité ya kampani, ule mtaa wa wafanyakazi, mtu akinunua kitu cha maana lazima akinyweshe. Redio, kitanda, bati la nyumba, lazima majirani waje wanywe, na tone la kwanza limwagiwe kitu chenyewe, la sivyo utaitwa bahili na kitu hakitadumu. Mimi niliinywesha pikipiki yangu. Niliisimamisha mbele ya nyumba, nikanunua bia kwa pesa ya mwisho iliyobaki, nikaimwagia tangi jeupe mpaka povu likatiririka kwenye mapezi ya injini. Barabara nzima ilikuwepo. Wale vijana waliokuja baadaye na marungu kuhesabu nyumba zetu, nao walikuwepo. Walikunywa, wakanipa mkono, wakaniita tata. Niliwaonyesha mwenyewe, katika mwezi ambao kila mwenzetu mwenye akili alikuwa anaficha hata sufuria, kwamba kwa Kazadi kuna kitu.

Wewe usiinyweshe. Watakuita bahili. Itikia.

Siku walipokuja hawakutupiga. Nasema hivyo kwa sababu wengine walipigwa, na wengine hawakupata nafasi ya kusimulia. Kwetu walisema tu tutoke kabla jua halijazama, na wakaichora nyumba alama kwa mkaa. Nikawaambia nyinyi kwamba tunakwenda kituoni kwanza, kulala na wenzetu, kisha nitafute petroli ya safari. Petroli haikuwepo. Aliyekuwa nayo aliiuza kwa wenzake. Tukakaa kituoni kama ng'ombe, pamoja na wale niliowacheka, chini ya turubai, na pikipiki yangu nyeupe imesimama katikati ya vyungu na magodoro ya watu. Mama yako aliianikia nepi za Ntumba, dada yako mdogo.

Nilijaribu kuiuza. Kijana mmoja aliizunguka, akaketi juu yake, akashuka, akanicheka usoni. "Tata, juu ya nini nikulipe kitu utaacha kesho?" Wenzake walikuwa wameketi kwenye ukuta wa kituo. Waliketi pale kila siku, miguu ikining'inia, wakisubiri. Hawakuwa na haraka. Nami nikawa silali. Nililaza kichwa kwenye gurudumu la mbele. Treni haikuja, wiki ikaingia ndani ya wiki nyingine, mvua ikaanza.

Ntumba alianza kuharisha wakati wa mvua zile. Wengi waliharisha, maji tulikuwa tunachota kwenye mtaro. Mama yako alimpa maji ya chumvi na sukari aliyoiomba kwa jirani. Kulipopambazuka, macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani na hakulia tena akifinywa. Zahanati ya masista ilikuwa ng'ambo ya soko, mwendo ambao mama yako aliutembea kila juma na kapu kichwani bila kuhema.

Nikasema tumpeleke kwa pikipiki, petroli kidogo ilikuwa bado chini ya tangi. Nikabonyeza. Ikafanya tik. Nikabonyeza tena, tik. Batri ilikuwa imelala wiki zote zile bila kuzungushwa, na ilikuwa kuukuu, si mpya, Chinyama alijua kwa kuitazama tu. Nikaita wanaume waisukume ili niiwashe kwa gia. Injini ilikuwa kubwa, mchanga umelowa, gurudumu la nyuma likawa linagoma na kuburuzika. Tukasukuma kwenda, tukasukuma kurudi. Kila mara nilisema safari hii itawaka. Wewe ulikuwa unakimbia pembeni unashangilia, ulidhani ni mchezo, na nilikuacha ushangilie.

Mama yako akasema, "Twende na miguu."

Nilitazama ukutani. Mmoja wa wale vijana akapunga mkono. "Enda tu, tata. Shiye tutakuchungia." Yaani wao watanilindia pikipiki. Wenzake wakacheka.

Nikamweka Ntumba juu ya tangi, nikamshika kwa mkono mmoja, nikaanza kuisukuma pikipiki kwenda zahanati. Nakuandikia hivi ilivyokuwa. Nilikuwa na mikono miwili yenye afya na mtoto mwenye uzito wa kuku, nami nilisukuma chuma kwenye tope kwa sababu sikutaka wale vijana wakipate.

"Baba Mukendi, nipe mutoto."

"Tumekaribia."

"Nipe mutoto."

Alimnyakua, akamfunga mgongoni, akaondoka mbio. Nilibaki nyuma nikisukuma. Nilikuwa bado nasukuma, sijafika sokoni, nilipomwona anarudi. Alikuwa anatembea polepole, na mtoto hakuwa mgongoni tena, alikuwa amempakata mbele kwa mikono yote miwili. Hapo nilijua. Alinipita, nami nilisimama mikono ikiwa bado kwenye usukani. Hata hapo sikuuachia, kwa sababu ingeanguka.

Sista hakutulaumu. Alimwambia mama yako kwamba mtoto alikuwa amekauka tangu usiku. Huenda hata tungekwenda kwa miguu alfajiri ileile isingesaidia. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Kuna siku naamini.

Tata Chinyama alisikia, akaja na koleo. Watu wake walimwonya asionekane na sisi, akaja mchana, katikati ya barabara, koleo begani. Yeye ndiye aliyechimba. Hakusema chochote juu ya batri wala kiki. Alisema tu, "Kazadi, shimo ya mutoto ni kazi mubaya, udongo inatoka haraka," kisha akaketi kando, akavuta sigara yake akiwa amegeukia upande mwingine ili nisimwone uso.

Treni ilipofika yalikuwa mabehewa ya wazi ya kubebea madini, na mtu hakuruhusiwa kupanda na kitu kikubwa kuliko godoro. Unajua nilifanya nini? Nilifunga usukani kwa ufunguo, nikautia ufunguo mfukoni. Nilifunga pikipiki ninayoiacha. Tulipofika Tenke, mahali treni inapogeukia kaskazini, watoto waliturushia mawe, na mwanamke mmoja akaturushia mihogo ya kuchemsha, akalia. Sikuokota mhogo. Nilikuwa nimeushika ule ufunguo. Mama yako aliutupa chooni mwaka wetu wa kwanza hapa. Hakuniambia. Nilimwona, nami sikumwambia kwamba nimemwona.

Sasa unakwenda kule. Utapokelewa vizuri, mwanangu, ndilo jambo litakalokuchanganya. Watakupa chakula, watakusaidia kubeba mzigo, watakuuliza habari zetu na kusikitika kweli. Baadhi yao wataketi na wewe wakiwa na miguu ileile iliyokuwa inaning'inia ukutani. Usiwaulize walikuwa wapi. Usiwe pia mtu wa kusahau mpaka uwe mpumbavu. Mtafute Tata Chinyama kama bado yupo, mwambie wewe ni mtoto wa Kazadi, na usinunue pikipiki yoyote ambayo hajaipapasa. Akikufanyia mzaha, cheka, lakini fanya anavyosema.

Akisha kuipitisha yeye, ifanyie majaribio mawili ya kwangu. La kwanza, ilaze chini, upande mmoja, tangi limejaa. Muuzaji atapiga kelele, mwache apige. Kisha iinue peke yako. Kwenye mchanga wa njia ya Kasaji utaanguka nayo, na hakutakuwa na mtu wa kuita. Ikikushinda kuiinua, nenda ukatafute ndogo zaidi, hata kama ni mbaya, hata kama kiti kimeshonwa kwa waya. Ile ya kwenye picha nadhani itakushinda. Natamani ikushinde.

La pili ni hili. Kabla hujatoa pesa, izime, isimamishe, uigeuzie mgongo na uondoke mpaka usiweze kuiona. Chukua muda wako. Angalia ndani ya moyo kama unataka kurudi mbio kuilinda. Ukiona hivyo usiinunue, kwa sababu hutakuwa umenunua kitu, utakuwa umepata mtu mwingine wa kulisha. Nunua ile ambayo utaweza kuiacha. Bakiza pesa, usitie zote, ili ikipotea uwe na hasira ya siku moja tu.

Sijui kama wataanza tena kutufukuza. Hakuna anayejua, na wanaosema hawataanza ni walewale waliosema hivyo mara ya kwanza. Lakini siku ukisikia redio inataja jina la watu wetu kwa sauti ile, usitafute petroli wala mnunuzi. Iache hapohapo ilipo, mwachie yeyote anayeitaka, uangalie nani yuko karibu na wewe asiyeweza kutembea, umbebe.

Baba yako,
Kazadi